Beseni Linalouma Kidole

Kijiwe chetu hapa Sivakasi kiko mbele ya geti la kiwanda cha fataki, kwenye kibanda cha kahawa cha Mama Pechi. Jana Chellathai, mchanganyaji wa baruti na mke wa mwenzetu Muniyandi, aliumwa kidole na beseni la shaba. Cheche, ta! Bahati beseni lilikuwa tupu. Leo Muniyandi hajagusa kahawa yake.

— Hiyo ni husuda, akasema Radi, tuliyempa jina hilo kwa kupiga kelele hata pasipo mvua.

— Nani alionee wivu beseni? tukamcheka.

— Chekeni tu. Lisemwalo lipo. Tusiliseme, litaondoka.

Injinia, aliyelinda geti la kituo cha umeme miaka sita, akaweka kikombe chini.

— Mmesoma wapi nyie? Juu ya beseni wametundika nailoni ya kuzuia vumbi. Upepo unaisugua, inajaa chaji.

— Lakini haigusi beseni, akasema Muniyandi. Iko mkono mzima juu.

— Ndiyo utamu wake! Inakaa karibu tu. Chaji nyingine za beseni inazivuta kwake, nyingine inazifukuza. Zilizofukuzwa zinatafuta pa kukimbilia ardhini. Kidole cha shemeji kikawa njia.

— Kesho beseni litakuwa na baruti. Nimruhusu aingie? akauliza Muniyandi.

— Aingie kwa raha zake! Beseni lina waya. Unapita kwenye lile bamba la mlangoni tunaloligusa wote asubuhi kutoa chaji mwilini, unashuka chini. Ardhi inameza kila kitu.

— Mbona jana haikumeza?

— Jana ilikuwa imeshiba, Radi akadakia.

Tukacheka wote, isipokuwa Muniyandi. Hapo Chellathai akafika kumfuata mumewe, asumini kichwani, kidole kimefungwa kitambaa.

— Kaka Injinia, huo waya unaishia wapi?

— Ardhini, dada yangu.

— Umeona kwa macho yako?

Injinia akachungulia kikombe chake.

Mimi nilijua. Ukuta wa nyuma niliupaka chokaa mimi, sikukuu ya kubariki zana, nikaufungua waya kwenye chuma chake kilichozama ardhini ili brashi ipite. Tangu siku hiyo nimeligusa bamba lile kila asubuhi, na kuwagombeza wasioligusa.

— Kwenye msumari wa ukutani, shemeji, nikasema. Niliutundika mimi, sikuurudisha.