Kesi ya Mtoto Anayelowesha Viti

Basi lilikuwa nusu tupu, na bibi aliyekaa kiti cha nyuma alisikia kila neno. Mbele yake, fundi cherehani mwenye kichanga alikuwa akifuta kiti. "Samahani dada, mtoto kakojoa."

Jirani yake, muuza samaki mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimpapasa mtoto. "Huyu mkavu kama biskuti! Mwenzangu, unamsingizia mtoto wa watu."

Fundi akainama. "Tangu nijifungue mkojo unavuja wenyewe. Mama mkwe anasema ni uzazi tu, utakoma."

"Uchungu ulikushika muda mrefu?"

"Mpaka nikasahau jina langu."

"Basi huenda kibofu kimetoboka. Dada yangu yalimkuta hayo hayo, akashonwa hospitali. Siku hizi anacheka mpaka anaanguka, na chupi kavu!"

"Nikashonwe huko? Aibu!"

"Wewe kutwa unashona suruali za wanaume zilizopasuka huko huko, aibu unaitoa wapi?"

Bibi alijikohoza ili asicheke. Kisha akaona muuza samaki amevua sweta lake na kumfunga mwenzake kiunoni, kufunika palipoloa, huku akiendelea kumsema.

"Hospitali, wa kushuka!" akaita kondakta.

"Nitakuja kesho," fundi alisema.

"Kesho utamsingizia nani, dereva?" Muuza samaki akambeba mtoto, akaelekea mlangoni. "Mimi nashuka na mshtakiwa. Mlalamikaji atufuate."

Basi likasimama. Fundi alikuwa bado ameng'ang'ania kiti. Bibi akavuta kikapu chake kilichoziba njia ya kwenda mlangoni, fundi apite.