Kiatu na Darasa la Saa Saba

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, haya ndiyo maisha yake, na familia imeomba yasomwe bila kutiwa chumvi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya kupanga iliyotazamana na stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi breki na muuza vitambaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, akasomea famasia na kuhitimu Novemba 1990. Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa kuwa mwakilishi wa mauzo wa kampuni ya dawa, akizunguka na begi la sampuli kutoka mlango wa daktari mmoja hadi mwingine, na kwa jinsi alivyomaliza soli, wauguzi wakambandika jina la Kiatu, likamganda hadi nyumbani. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea begi lilipochanika, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1996 na 2001.

Machi 2020 janga lilipoingia, hospitali ziliwafungia wauza dawa milango, na kampuni ikatangaza kwamba atakayewapoteza wateja wake atafute kazi nyingine. Kiatu alikaa sebuleni siku mbili akipitia daftari la wateja, ya tatu akamwita kitinda mimba wake amfundishe kukutana na watu kwa video, mumewe akatundika shuka jeupe kuficha rundo la nguo za wateja, simu ikasimamishwa juu ya sufuria tatu zilizopinduliwa, na tarehe 6 Aprili, saa saba mchana, darasa lake la matumizi ya dawa likaanza na watu wanne, mmoja wao shemeji yake. Wauguzi wa zahanati za mbali, ambako hakuwahi kufika, walikuja na maswali waliyokaa nayo miaka mingi, wakaitana, na kufikia Juni walikuwa mia mbili na kumi na mmoja, naye kila akimaliza alizunguka nyumba nzima akitangaza idadi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Kisha watu wakaanza kugombania dawa moja ya kampuni yake, wakiamini inazuia ugonjwa wa janga lile, hadi wagonjwa wa baridi yabisi, walioitegemea siku zote, wakaikosa, na bosi akamtaka aisifu darasani. Tarehe 22 Juni, bosi akiwa anasikiliza, muuguzi mmoja aliuliza kama inafaa. Kiatu alivua miwani, akasema, "Dawa hii naiuza mimi, lakini kwa ugonjwa huu sina ushahidi kwamba inasaidia. Waachieni wa baridi yabisi."

Aliambiwa asubiri barua, na wiki tatu alizihisi kama mwaka, lakini barua haikuwa ya kumfukuza, kwani zahanati zile zilikuwa zimeanza kuagiza dawa zao nyingine kupitia kwake na zilikataa kuletewa mtu mwingine, hivyo akapewa kazi ya kuwafundisha wenzake wote. Siku hiyo alicheza na mumewe katikati ya vitambaa mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki, mume na mabinti wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliopika na kuosha vyombo wiki nzima, na wafanyakazi wenzake. Tunawashukuru pia wauguzi kumi na tisa waliosafiri kutoka zahanati zao, ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kufika alipo.

Pumzika salama, dada.