Shangazi Masizi Aiaga Maabara ya Hewa na Vinywaji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkemia mkuu wa maabara yetu, tuliyemzoea kwa jina la Shangazi Masizi, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza kama msaidizi katika chumba cha mizani. Wiki ya kwanza alipewa karatasi ya kuchujia hewa, imetoka barabarani ikiwa nyeusi tii. Akaona aibu kupima kitu kichafu namna ile, akakipangusa masizi yote kwanza. Bosi wa wakati huo alicheka hadi machozi: "Binti, umeitupa hewa ya mji mzima!" Jina likamganda hapo hapo.

Tangu siku hiyo hagusi sampuli kabla ya kuuliza imetoka wapi. Swali hilo limetutoa jasho wengi. Sisi tunaolea watoto wachanga alitushikia zamu bila kinyongo, ila sampuli isiyo na lebo aliimwaga mbele yako, uwe umelala au hukulala.

Mwaka juzi, kinywaji cha majani cha Mama Birika, jirani yetu wa getini, kilikutwa na madini ya risasi. Amri ya kumfungia biashara ilibaki kusubiri saini ya Shangazi tu. Wakubwa wakamhimiza. Hakusaini. Alikwenda nyumbani kwa mama huyo, akakuta majani yameanikwa ukutani, kando ya barabara kuu. Akachuma mengine kwenye mti uleule yalikotoka yale, nusu akayaanika ndani, nusu pale nje pamoja na chujio la hewa. Ya ndani yalitoka safi. Ya nje yalikuwa na risasi, na chujio nalo vilevile.

"Mmea hauna kosa," aliwaambia wakubwa.

Lakini huruma yake ina mipaka. Mama Birika alilalamika, "Shangazi, kwangu tunalala sita chumba kimoja, majani nitayalaza wapi?" Akajibiwa, "Juu ya kabati. Nje, hapana." Na hakumruhusu kuuza hata kikombe mpaka vipimo vipya vilipotoka safi. Mama Birika alinuna kweli, lakini meza yake ipo getini hadi leo, na wateja wamezidi.

Kinywaji cha kuagana leo kimetoka kwake. Asante, Shangazi, kwa kazi na kwa ukali wako. Afya na utulivu viwe nawe huko uendako. Tunakuomba jambo moja tu: kikombe cha leo, kinywe bila kukipima.