Bi. Verna Tackett na Maswali Yaliyokaa Juu ya Faili

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, Bi. Verna Mae Tackett, karani mkuu wa majalada wa kamati yetu ndogo ya misaada ya nje, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1985. Amewaona wenyeviti sita wakiingia na watano wakitoka. Huyo wa sita, Mheshimiwa Ostrander wa Iowa, atatoa hotuba fupi leo, na sote tunamwombea iwe fupi kweli.

Bi. Verna ni binti wa mchimba makaa wa Kaunti ya Mingo, West Virginia. Alifika Washington Februari 1954 akiwa na sanduku moja na mdogo wake wa mwisho, Denver, ambaye Verna ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Aliajiriwa kupiga chapa kwa wiki sita. Wiki sita zilipokwisha hakuna aliyekumbuka kumwambia aende, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha.

Kazi yake kubwa imekuwa faili jeusi. Kabla ya kila kikao, kila mjumbe hupewa faili lenye ombi la serikali, ramani, na karatasi ya maswali. Waheshimiwa wetu wana shughuli nyingi, na wengi hulifungua wakiwa wamekwisha kukaa kitini, wakasoma ukurasa wa juu tu. Bi. Verna aliligundua hilo katika wiki yake ya pili. Sisi watafiti, na digrii zetu, lilituchukua miaka.

Asije mtu akadhani kwamba mama huyu ni mpole kwa Wakomunisti. Mwaka 1956 alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya mablanketi ya wakimbizi wa Hungaria, na mpaka leo mtu akiisifia Mosko mbele yake hapati kahawa. Lakini alikuwa na jambo lake moja, na hakulisema kwa mtu yeyote kwa karibu miaka ishirini.

Mwaka 1964 lilikuja ombi la kuongeza washauri wa kijeshi na silaha huko Vietnam. Maswali yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa. Mkurugenzi wa watumishi wa wakati huo, ambaye alitaka kikao kiishe kabla ya chakula cha mchana, alimwagiza ayatoe. Akayatoa, kwa mkono wake, katika mafaili yote kumi na mawili. Kikao kilichukua dakika arobaini. Hakuna aliyeuliza ni wangapi watakwenda, wala ni wangapi watawafuata.

Denver aliuawa Novemba 1967, kwenye vilima vya Dak To, huko Vietnam. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Bi. Verna alirudi kazini siku ya tisa, akaketi, akaandika maswali yake mwenyewe. Yalikuwa matano. Wanakwenda wangapi, na baada ya hao wangapi? Tutajuaje kwamba tumemaliza? Wenyeji wenyewe wako tayari kupigana? Adui asipokata tamaa, tutafanya nini? Na nani atarudi hapa kutueleza, lini? Tangu siku hiyo karatasi hiyo ilikaa juu kabisa ya kila faili, imepigwa chapa kwa utepe mwekundu wa wino.

Rangi ile ilizua maneno. Mjumbe mmoja wa Alabama, mzee wa masihara, alisimama mlangoni akiipunga karatasi: "Bi. Verna, sisi tunahangaika na Wakomunisti, na wewe unatuletea karatasi nyekundu?" Bi. Verna hakuinua hata kichwa. "Utepe mweusi umekwisha, Mheshimiwa. Si ninyi wenyewe mliokata fungu la vifaa vya ofisi?" Wiki iliyofuata tuliletewa tepe katoni nzima. Aliendelea na nyekundu.

Mwaka 1975, lilipokuja suala la Angola, alitundika ramani kubwa ukutani baada ya kuwakuta waheshimiwa wawili wakiitafuta nchi hiyo upande wa Bahari ya Hindi. Hakuwacheka. Aliwaonyesha kwa rula, akawapa karatasi, akarudi mezani pake ndipo akacheka.

Vita vya Vietnam vilikuwa vimetuachia makaburi zaidi ya elfu hamsini na nane, na tabia mpya ya kusema. Kila aliyeingia humu alisema hataki Vietnam nyingine. Waliotaka kwenda vitani walisema hivyo, na waliokataa walisema hivyo hivyo. Kuukataa Ukomunisti hakuna aliyekuacha. Kilichobadilika ni kwamba sasa tulipeleka fedha, silaha na walimu wa jeshi, na vijana wetu tukawabakiza nyumbani. Mpaka ulikuwa mwembamba, na kila miaka michache kulikuwa na mtu anayetaka kuuvuka kidogo tu.

Mtu huyo alikuja Machi 1983. Serikali iliomba washauri wetu katika nchi moja ya Amerika ya Kati waruhusiwe kutoka kambini na kufuatana na askari wa huko mpaka kwenye mapigano. Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Craig Lindquist, kijana hodari ambaye sasa amekwenda kutafuta riziki kwingine, aliona karatasi nyekundu inawatia waheshimiwa woga. "Vita vile vimekwisha, mama," alimwambia mbele yetu. "Nchi haiwezi kujificha chini ya kitanda miaka yote. Toa hizo karatasi, au andika barua ya kustaafu mapema." Bi. Verna alikuwa amebakiwa na miaka miwili kufikia pensheni kamili. Ofisi nzima iliinamia makaratasi yake, na mwandishi wa mistari hii, kwa aibu yake, aliinama pia.

Bi. Verna angeweza kuzichomeka kwa siri. Ujanja huo hakuutaka. Alichukua faili la mwenyekiti, akapanda ghorofa mbili kwa miguu kwa kuwa lifti ilikuwa ikitengenezwa, akaliweka mbele ya Mheshimiwa Ostrander. Akamweleza habari za 1964, na za Denver. Kisha akasema, na mheshimiwa mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyanukuu: "Mara ya kwanza niliyatoa mimi. Safari hii, kama ni ya kutolewa, yatoe wewe."

Hakuyatoa. Asubuhi ya kesho yake aliyasoma yote matano kwa sauti, moja baada ya jingine. Ofisa wa serikali alipofika kwenye lile la idadi alisema itategemea hali. "Hali ya nani?" akauliza mzee wetu wa Alabama, ambaye hakuna aliyemtarajia. "Mimi nimewazika vijana tisa wa wilaya yangu kwa hiyo hali." Ombi lilikataliwa kwa kura saba kwa tano. Nchi ile ikapata dawa, chakula, fedha na mafunzo. Washauri wasizidi arobaini, wasitoke kambini, na taarifa ije kila mwezi. Wote arobaini wangali hai. Tumehakikisha jana kwa simu.

Januari mwaka huu kamati iliyaingiza maswali hayo katika kanuni zake. Hakuna mtumishi atakayeamriwa kutoa ukurasa katika faili bila saini ya mwenyekiti. Waheshimiwa walitaka kanuni iitwe kwa jina la Bi. Verna. Alikataa, akasema waandike la Denver kama wana wino. Wameandika.

Haya yote anayaacha akiwa mzima, na miguu inayopanda ngazi vizuri kuliko yetu. Anarudi Mingo kulima maharage na kuimba katika kwaya ya kanisa, ambako tunasikia mwalimu wa kwaya amekwisha kuanza kujiandaa.

Jumatano iliyopita lilifika ombi jingine, la nchi nyingine. Bi. Verna alikuwa akifunga makabrasha yake, hivyo faili liliandaliwa na wengine. Ofisa aliyelileta hakusubiri kuulizwa. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi tano, jibu moja kwa kila swali, idadi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Bi. Verna alizisoma zote akiwa amesimama, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alilia mbele ya watu.

Ahsante, Bi. Verna. Pumzika vizuri, kula ushibe, na afya isikuache. Wapo vijana ambao hawatakujua kamwe, na leo jioni watakula chakula kwa mama zao.