Kadi ya Danson Haijui Voi

Benchi la Mzee Omari, muuza kahawa, liko kando ya njia ya stesheni ya Voi, na jioni hapo maneno hunyweka kuliko kahawa. Siku hiyo ya mwaka 1983, Nyongesa, fundi wa reli ambaye wote walimwita Breki, alikuja amenuna. Danson, kijana wa kijiji cha Mghange, karudi likizo kutoka London, na jana kampeleka Wakio kula mchana kwenye lodge ya mbugani. Wakio huyo huyo ambaye Breki anammezea mate mwaka mzima! Tena Danson hakulipa kwa noti. Alitoa kadi ya plastiki, ikapitishwa kwenye mashine, wakainuka wakaenda zao. Breki alikuwa na wivu.

— Lakini leo kaumbuka, alisema Breki. Kaitoa hiyo kadi dukani, anataka sukari. Mwenye duka kaigeuzageuza, kamuuliza: hii ni kadi ya chama gani?

Wakacheka. Breki alicheka kuwashinda wote.

— London hata kinyozi anaichukua, alisema Musyimi, aliyeitwa Redio kwa kutangaza habari ambazo hata yeye hajazisikia. Lakini yule Mjerumani wa shamba la mkonge aliniambia kwao watu hawaitaki. Kwao ni noti tu.

— Si wote ni wazungu? aliuliza Breki.

— Wazungu wa makabila tofauti, bwana!

Zephaniah, aliyejipa mwenyewe cheo cha Waziri, akakohoa kwanza.

— Siri ni waya. Unatoka London chini ya bahari mpaka Mombasa. Ukifika Maungu, hapo kabla ya Voi, treni inautikisa, unakatika. Ndiyo maana Voi kadi haishiki.

— Na lodge je? aliuliza Redio. Si iko huku huku?

— Lodge si Kenya! Breki akadakia. Tembo ni wetu, lakini kile chumba cha kulia ni Uingereza. Wakio jana alikula ng'ambo bila pasipoti. Mtu anaweza kushtakiwa kwa hilo!

— Wewe una wivu tu, Breki, alisema Redio.

— Wivu wa plastiki? Noti yangu mimi inapokewa Taveta, inapokewa Marungu, inapokewa hata taa zikizimwa!

Hakujua Wakio amesimama nyuma yake, kikapu cha soko mkononi.

— Noti yako inapokewa kila mahali, Nyongesa?

Breki akageuka, akajitutumua.

— Kila mahali!

— Hata hapa kwa Mzee Omari?

— Hata hapa.

— Basi mbona mwaka mzima sijawahi kuiona?

Redio akaanza kutazama reli. Waziri, mwenye majibu ya kila kitu, akawa anakikagua kikombe chake. Breki aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akainyoosha gotini.

— Mzee Omari, mpe Wakio kahawa.

Mzee Omari akaliinamisha dele la kahawa mpaka mwisho. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, mwanangu.