Masaa Sita ya Abigaël

Kiti yetu ni ubao moja juu ya matofali, mbele ya thermos ya kahawa ya Mama Musoki, fasi bamotard, wale wa pikipiki, wanageukia kwenda barabara ya Nyankunde. Siye wenye kiti tuko wane. Kuko Professeur, aliyefundisha shule ya primaire miaka makumi tatu, na mpaka leo ukimusalimia anasahihisha salamu yako. Kuko Delphin, motard, anajua kila kitu yenye iko kwa barabara na kila kitu yenye haiko. Kuko Kilo, jina yake ya batizo Marcellin, mulinzi ya depo. Alifika kijiweni hapa miaka mbili iliyopita, na tulimupokea tayari na tumbo yake. Wa ine ni mimi, mutu ya maneno kidogo, hata kama Musoki anakatala. Asubuhi ile Kilo alikuja na telefone ya binti yake mukononi, ameishika na vidole mbili tu, kama mutu anabeba panya ya kufa.

— Delphin, maliza kahawa mbio, akasema. Hii kitu ifike Nyankunde leo. Umupe ndugu yangu wa kule, aifunge mu sanduku mpaka Abigaël apate diplome.

— Mutoto alikosa nini?

— Masaa sita! Jumamosi nilikaa mbele yake na saa mukononi, nikahesabu. Masaa sita, macho ndani ya telefone! Unamuita mara tatu, hasikie. Siku ingine alikuwa anatembea anaangalia, kidogo tu aanguke mu mufereji.

— Na weye, nikamuuliza, hayo masaa sita ulikuwa unafanya nini?

— Nilikuwa nahesabu.

Musoki alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini Kilo hakucheka. Alituambia tangu amunyanganye telefone, leo siku ya tatu, Abigaël hamusemeshe. Anamuwekea chakula, anasema "karibu Papa" na adabu yote, kisha kimya.

— Niko na mutoto moja tu, akasema. Afazali angenitukana.

Maskini, tulimuonea huruma sana. Tukaanza kumusaidia, na hapo njo mambo iliharibika.

— Ni mwangaza, Delphin akasema. Inaingiaka kwa macho pole pole. Haba na haba hujaza kibaba. Kichwa ikijaa mwangaza, maneno inakosa fasi. Njo maana haseme.

— Uongo mutupu! Professeur akasema. Ni damu. Yote inashukaka mu vidole gumba, ubongo inabaki kavu. Kisha miaka kumi hawa batoto watakuwa na gumba kama muhogo. Nani atashika jembe?

— Na wanafunzi wako wa zamani? Musoki akauliza. Telefone haikuwa, na kila siku ulikuwa unawaita wajinga.

— Ile ilikuwa ujinga ya kawaida.

Nikaona wakati yangu imefika.

— Ndugu zangu, telefone ni mugeni. Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe.

— Telefone italima nini?

— Methali haiulizwake maswali, nikasema, nikakunywa kahawa yangu.

Professeur akashauri kwamba kabla ya kuifukuza, tuifungue kwanza, tuone mutoto anaangaliaka nini. Ilikuwa inaomba code. Akaweka 1234. Akaweka 1960, mwaka ya uhuru. Telefone ikakatala, ikasema tungoje dakika moja. Tukangoja, vichwa ine juu ya kioo moja, kahawa inapoa. Kisha tukajaribu tena, tukangoja tena. Jua ilitukuta pale pale.

— Hebu, Delphin akasema. Huyu mwanaume ni nani?

Kweli, nyuma ya fasi ya code kulikuwa picha. Kijana mwembamba, shati ya manjano, amesimama karibu na baiskeli yenye kubeba magunia. Saa ya telefone ilimufunika nusu ya uso, na kioo yenyewe ilipasuka. Kwa juu ya magunia kulikuwa kitu nyekundu. Kilo akapokonya telefone, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu. Lunettes yake ya macho ilivunjika tangu Pasaka.

— Mwanaume, akasema. Mutoto yangu iko na mwanaume.

— Huyu ni muchimbaji ya dhahabu, Delphin akasema. Namuona kwa kusimama yake.

— Na baiskeli?

— Anajificha. Mwenye dhahabu ya kweli hajionyeshake. Na ile nyekundu juu ya gunia, unafikiri ni nini? Njo dhahabu yenyewe, wameifunga mu kitambaa!

— Weye unaona karibu, Professeur akasema. Hii ni dini mupya ya mu internet. Wanajulikanaka na rangi nyekundu, na wanaabudu baiskeli. Nilisoma.

— Ulisoma wapi?

— Mu telefone.

Kilo akasimama.

— Delphin, washa pikipiki. Itoke hapa kabla sijaivunja.

Delphin akawasha. Hapo njo Gertrude akapita, dada mukubwa ya Kilo, anatoka soko na majani yake ya sombe kwa kichwa. Huyu mama hakalake na siye, anasema kiti yetu inaambukiza uvivu. Aliona telefone mukononi ya ndugu yake, akainama.

— Eh! Hii si picha yangu ya ukutani? Abigaël alikuja kwangu wiki jana, akaipiga na telefone yake. Alisema: shangazi, siye kwetu picha zote zilibaki Bule, mu nyumba, siku tulikimbia vita.

— Picha yako? Dada, huyu mwanaume ni nani?

Gertrude akatua sombe yake chini.

— Marcellin. Ni weye.

— Mimi?

— Siku ya soko, unapeleka maharagi. Na hii nyekundu ni Abigaël, mutoto mudogo, na nguo yake ya Noeli. Alilia mpaka ukamupandisha juu ya magunia, ukasukuma baiskeli njia yote, unamuimbia. Umesahau?

Mimi nilitafuta methali, nikakosa.

— Na mulikuwa munasema nini juu ya mutoto? Gertrude akauliza.

— Masaa sita, Delphin akajibu pole pole. Anaangaliaka telefone masaa sita kwa siku.

— Sawa. Na kati ya hayo masaa sita, ngapi anaangaliaka hii?

Tukamugeukia Kilo, juu yeye njo alikuwa na saa.

— Nilikuwa nahesabu, akasema, na mara hii hata Musoki hakucheka.

Delphin akazima pikipiki. Musoki akatikisa thermos, haikutoa sauti. Kilo alipangusa kioo na shati yake. Picha ikazimika, akaiwasha. Ikazimika tena, akaiwasha tena. Kisha akashika njia ya kwake bila kuaga, kichwa chini, telefone mbele ya pua, anaenda mbio kuliko tumbo yake inaruhusu.

— Kilo, mufereji!

Tulimuita mara tatu. Hakusikia.