Mti wa Samaki wa Regina

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Iringa, kwenye ukuta wa duka la ushirika, mahali ambapo jua la asubuhi linawahi kufika. Mwezi wa Julai mtu hakai hapo kwa kupenda maneno tu, anafuata joto. Benchi ni ubao wa bodi la lori la Bedford uliolazwa juu ya mawe mawili, na kahawa ni ya Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu asiyecheka hovyo. Mimi nashona viatu hapo pembeni, kwa hiyo nasikia kila kitu, nipende nisipende. Wiki hiyo ya tatu ya Julai tulikuwa na habari moja tu. Silvester seremala, tunayemwita Randa, alikuwa anakuja kila asubuhi na debe la maji. Ndani ya debe mlikuwa na tawi la mti na samaki wawili wadogo wa mtoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Regina, mke wa Randa, amelazwa hospitali ya misheni tangu Pasaka. Ni ugonjwa wa mgongo. Wamemfunga plasta kuanzia kifuani hadi kiunoni na haruhusiwi kujigeuza. Anachoweza kuona ni dari, na sanduku la kioo la samaki ambalo daktari mmoja mgeni aliliacha wodini aliporudi kwao. Samaki walikuwa tisa. Kila asubuhi Regina aliwahesabu kwa sauti, wodi nzima ikimsikiliza. Mwezi wa Juni wakubwa wakaanza kuwafukuza na kuwauma wadogo, ndipo sista akamwomba Randa alete mti wa kuwaficha. Randa akatafuta tawi zuri la mtoni. Lakini yeye ni fundi, bwana, na fundi hatoi kazi ikiwa uchi. Akalipiga msasa, akalipaka vanishi mara mbili, likang'aa. Kesho yake samaki wanane walikuwa wanaelea tumbo juu. Regina alifumba macho tu, na Randa amesimama pale pale mbele yake.

Asubuhi ninayoisimulia, wa kwanza kuinamia debe alikuwa Bartholomeo, karani mstaafu wa misitu. Tunamwita Kamusi, kwa sababu hakuna asilolijua.

Kamusi: Hebu nikumbushe. Safari hii ni mti gani?

Randa: Mzambarau mwitu. Nimeutoa Ruaha Mdogo, chini ya daraja. Umelala majini miaka, gome limetoka lenyewe.

Kamusi: Hapo sawa. Mti wa samaki hauchumwi shambani. Ukikata mbichi una utomvu. Msindano usiguse, mkaratusi usiguse. Umeukwaruza?

Randa akalitoa tawi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akalikwaruza kwa ukucha mbele yetu. Ukucha haukuingia.

Kamusi: Vizuri. Ukucha ungeingia, basi umeoza ndani, ungechafua maji. Harufu je?

Tawi likapita mkono kwa mkono. Tulinusa wote. Lilinuka mto, basi.

Pembeni yangu alikaa Liberatus, fundi wa malori. Huyu tunamwita Breki, maana hakuna mazungumzo asiyoyasimamisha.

Breki: Umeuchemsha mara ngapi?

Randa: Saba. Kwenye pipa, kila mara nusu siku. Na vanishi sijaugusa, wala msasa. Brashi na maji tu.

Breki: Saba, na bado maji yana rangi? Tazameni. Kama chai ya hotelini. Hiyo sumu inatoka. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

Asukile akajaza kikombe cha kahawa, akachota maji ya debe kwa kikombe kingine, akaviweka pamoja kwenye benchi.

Asukile: Hii nayo ina rangi. Unainywa tangu alfajiri. Umekufa?

Breki: Mimi si samaki.

Asukile: Mti unatoa rangi yake kama kahawa inavyotoa. Kwetu kuna vijito chini ya miti, maji yake ya kahawia, na samaki wanazaa humo. Rangi si sumu.

Randa: Lakini kama ni sumu?

Alisema taratibu, na hakuwa anamuuliza Asukile. Mtu huyu nimemjua miaka kumi na mbili. Ametengeneza nusu ya milango ya mtaa huu, na sijawahi kumwona anauliza mara mbili kitu alichokipima kwa mikono yake.

Kamusi: Basi chemsha ya nane. Haba na haba hujaza kibaba.

Breki: Kuchemsha hakutoshi. Ule mti una mayai ya wadudu ndani kabisa. Utumbukize kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, halafu uwashe, uzime haraka. Sisi mafundi, bomba la moshi likiziba, tunafanya hivyo.

Asukile: Na samaki wataishi kwenye mafuta ya taa?

Breki: Si utausuuza! Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Kamusi: Breki, wewe rudi kwenye gia zako. Randa, sikiliza. Nilipokuwa kituo cha misitu, mzungu mmoja aliniambia mti una kumbukumbu. Ukiutoa kwenye maji yanayokimbia ukautia kwenye maji yaliyosimama, unashtuka, unatoa uchungu. Inabidi uuzoeze. Wiki moja kisimani, wiki moja mtungini, wiki moja kwenye beseni.

Randa: Wiki tatu.

Kamusi: Tatu, au nne kama ni baridi kama hivi.

Niliona mabega ya Randa yanashuka kidogo, kama mtu aliyepewa ruhusa. Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Nikaendelea na kisigino cha mtu.

Hapo akatokea Nkuba, Msukuma wa Usangu, anayeleta ng'ombe mnadani kutoka upande wa Rujewa. Begani alibeba gogo la kijivu, laini, limejikunja vizuri kama shingo ya bata. Kila mtu aliguna kwa kulipenda.

Nkuba: Randa, acha hilo lako. Nimekuletea lenyewe. Hili halina mdudu, halina ukungu, halina kitu. Miaka mitano halijaguswa hata na mchwa.

Kamusi: Eh! Mti usioliwa na mchwa, ndio huo. Kizuri chajiuza.

Asukile: Umelitoa wapi?

Nkuba: Kwenye josho letu. Lilikuwa nguzo ya pale ng'ombe wanapotumbukia.

Asukile akaweka birika chini.

Asukile: Nkuba, ng'ombe wanatumbukia kwenye nini?

Nkuba: Kwenye dawa ya ku...

Hakumalizia neno kupe. Alilitazama gogo lake zuri, akalishusha begani, akajipangusa shingo kwa mkono, kisha akautazama ule mkono. Asukile akammwagia maji anawe. Hakuna aliyecheka. Kwa siku nyingine tungecheka mpaka sokoni wasikie.

Nkuba: Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka shemeji apate kitu kizuri cha kutazama.

Randa: Najua.

Nkuba: Kwani hao wawili wamo humo tangu lini?

Randa: Siku ya sita leo.

Nkuba: Pamoja na mti?

Randa: Pamoja na mti.

Tukainama wote. Mmoja alikuwa amejibanza chini ya tawi, anapumua polepole. Mwingine anazunguka, anadonoa donoa mti, ana nguvu zake. Walikuwa wazima kabisa. Hata kipofu angejua kwamba mti ule umeshajibu swali lote.

Asukile: Randa. Mti uko tayari.

Randa: Siku tatu tena. Kwa uhakika.

Kamusi: Tatu ni chache, fanya wiki. Haraka haraka haina baraka.

Breki: Wiki, ndiyo. Na ya nane uchemshe.

Nami, nasema ukweli, nilitikisa kichwa kukubali, sindano ikiwa mdomoni. Tulimpenda Randa. Alipotaka siku, tulimpa siku.

Tulikuwa bado tunazipanga hizo siku alipokuja mwanamke mmoja kutoka upande wa stendi, kikapu kichwani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Sura yake ilikuwa ya Regina, ila mdogo. Akatoa salamu ya huku kwetu.

Mwanamke: Kamwene.

Sote: Kamwene.

Randa alisimama ghafla, kahawa ikamwagika.

Randa: Evarista! Umefika saa ngapi?

Evarista: Sasa hivi, kwa basi la Njombe. Nimekuta umefunga mlango, jirani akanielekeza huku. Shemeji, dada ameamkaje leo?

Ni swali dogo. Hata mtu msiyejuana naye anakuuliza ukipishana naye njiani.

Randa: Bakuli linarudi tupu.

Evarista: Bakuli gani?

Randa: La chakula. Napika mwenyewe, Tekla wa jirani anapeleka. Jana limerudi tupu. Juzi pia.

Evarista: Mimi nakuuliza dada.

Randa aliinamia debe. Yule mwanamke akatugeukia sisi, mmoja mmoja, kwa heshima, akidhani labda tumemwona. Kamusi alitazama viatu vyake. Breki alikuna shingo. Mimi nilitoa sindano mdomoni nikaichomeka kwenye soli. Tulijua maji ya ule mti yamebadilishwa mara ngapi, tulijua daraja ulikotolewa, na wiki tatu nzima hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hali ya Regina. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo.

Evarista: Mara ya mwisho umemwona lini?

Randa: Siku samaki walipokufa. Wiki ya tatu hii.

Evarista: Anajua kwamba unamtengenezea mti mwingine?

Randa: Sijamwambia.

Evarista: Ameomba samaki wengine?

Randa: Sijamuuliza. Alifumba macho, Evarista. Mimi nimesimama pale, akafumba macho.

Evarista alishusha kikapu, akakaa kwenye ncha ya benchi. Hakupandisha sauti.

Evarista: Shemeji, mtu aliyefungwa plasta akitaka kulia, hawezi hata kugeukia ukutani. Ulitaka afanye nini na macho yake?

Randa alijifuta uso kwa mkono wenye maji ya debe. Asukile alimpa Evarista kahawa, naye Evarista akainywa yote kwa mara moja, akarudisha kikombe, akasimama.

Evarista: Twende kwa dada. Shika upande huo wa debe. Nitashika huu.

Randa: Nikifika nimwambie nini?

Kamusi alivuta pumzi, kama kawaida yake anapotaka kufundisha, halafu akasogeza miguu debe lipite. Nkuba alikuwa bado ananawa.

Evarista: Utamsalimia.

Randa akainama, akashika upande wake.